Vifuu Vitano vya Mchele

Nilipoachika nilirudi Kibiti kwa kaka yangu na kanga mbili na mdomo wangu. Enzi hizo za Mwingereza baba yetu alikwisha kufariki, na mwenye kauli juu yangu alikuwa baba mdogo. Akaja, akanywa uji, akasema kuna mtu huko Mtawanya mwenye shamba la mpunga anatafuta mke. Mie simtaki, na wala sijamwona. Nikamwambia nitajilisha mwenyewe. Akacheka, akanipa muda hadi kuanza mfungo wa Ramadhani: nikishindwa naolewa, na nisimletee maneno.

Basi nikaingia kwenye uchuuzi wa mchele. Asubuhi nanunua kwa wakulima wanaoingia kutoka Mtunda, alasiri namuuzia Mhindi mwenye duka, na kilichonunuliwa leo kisilale. Ukiisikia, kazi nyepesi. Lo, nilikiona cha mtema kuni! Bei ikipanda leo, kesho nanunua kwa pupa, na alasiri hiyohiyo inashuka. Ikishuka naogopa, nakaa kitako, nayo inapanda. Nilikuwa kama kuku anayefukuzwa uani.

Wifi yangu, mke wa kaka, alinicheka mpaka akashika mbavu. Yeye alikuwa mchuuzi kabla ya kuolewa. Akapanga vifuu vitano vya nazi jikoni, vyote vya ukubwa mmoja. Kila asubuhi tulinunua mchele wa senti tano, ile sarafu yenye tundu, tukautia kifuuni. Siku bei iko juu, mchele kidogo. Siku iko chini, kifuu kinajaa. Vilipotimia vitano tulimimina vyote kwenye ungo, tukagawa upya sawasawa, wifi akapiga alama ya chokaa pale mchele ulipofika. Siku iliyofuata mchele wa kifuu kimoja ulikwenda chunguni, wa siku hiyo ukashika nafasi yake, tukasawazisha tena.

Mie niliona ni mchezo wa watoto. Nilisawazisha huku nikinung'unika, mpaka asubuhi moja nikaelewa, nikakaa kwenye mbuzi ya nazi nikacheka peke yangu. Kifuu cha leo kinarukaruka, kama nilivyokuwa nikiruka mie. Usawa wa vyote vitano, pale penye chokaa, hauna haraka. Ukiteremka siku baada ya siku, mchele unaadimika na bei inapanda kweli, nunua. Ukiinuka siku baada ya siku, uza, usingoje. Tangu hapo nililala usingizi mtamu, na vifaida vidogovidogo vikaanza kunibakia.

Lakini vilikuwa vidogo mno, na mfungo ulikaribia. Hapo ukavuma uvumi kwamba meli imeshusha mchele wa ng'ambo Dar es Salaam. Asubuhi hiyo bei ikaporomoka, kifuu kikafurika. Wachuuzi wenzangu waliuza mpaka cha kula. Mie nikasawazisha. Usawa, uliokuwa ukiteremka tangu mwezi ulipoandama, ulipanda upana wa ukucha tu.

"Hicho ni kifuu kimoja, wifi," akasema mke wa kaka.

Nilijua nikikosea, harusi inanisubiri Mtawanya. Nikachukua akiba yote nikaenda sokoni. Palikuwa na mwanamume mmoja mrefu, hana raha, amekalia magunia yake ya mchele. Nikayanunua yote kwa bei ya asubuhi ile, na safari hii nikayalaza. Akaondoka akimwambia mwenzake kwamba leo amempata mwanamke mjinga. Nilimsikia. Roho iliniuma.

Uvumi ulikuwa maneno matupu. Bei ikarudi ilikokuwa, kisha, watu walipoanza kuweka akiba ya futari na daku, ikapita. Mhindi akaja mwenyewe hadi uani kwetu kuutaka mchele. Nilifurahi, wallahi, nilimkumbatia wifi tukaangusha ungo.

Mkesha wa mfungo baba mdogo akaja, na mposaji nyuma yake. Alikuwa yule mrefu wa sokoni. Aliniona, kisha akayatambua magunia yake, matupu, yamekunjwa ukutani.

"Baba," nikasema, "najilisha. Na kaka namlisha."

Mgeni alimshika baba mdogo mkono.

"Mzee, posa naiondoa, huyu simwezi," akasema. "Ila hebu muulize, mchele wangu uliobaki niuuze lini?"

Baba mdogo alicheka mpaka akajifuta machozi, akaniambia nimjibu mgeni. Nikamjibu, ila ujira nikautaja kwanza.