Barua Tamu za Bibi

Juzi tulikuwa ndani ya gari, mimi na binti yangu, tunarudi kwetu Al Amerat, hapa Oman, foleni imekaa haisogei. Binti anasoma Kijerumani, na mwalimu wake kamtaka aeleze mbele ya darasa kwa nini Wajerumani wa zamani waliihama nchi yao. Akanisomea sababu zake: njaa, mashamba madogo, kukimbia jeshi, mambo ya dini. Nikamwambia amesahau barua. Akanitazama kama niliyemwambia najua kurusha ndege. Yeye nilimsimulia mpaka tukafika nyumbani, basi kaa na wewe nikusimulie.

Nilikuwa na miaka tisa, hatujamaliza mwaka tangu tutoke Unguja, tumepanga Sib. Kila Alkhamisi baada ya sala ya alasiri bibi alinikalisha jikoni, mimi na kalamu yangu, yeye na chuma chake cha vitumbua, akanitajia maneno ya kumwandikia mdogo wake aliyebaki Unguja. Jamani, bibi alikuwa muongo. Maji tuliletewa kwa lori, yeye akasema, "Andika, maji yamo humuhumu ndani." Feni tulikuwa nayo moja, nayo ilipenda kupumzika kuliko sisi, lakini kwenye barua nyumba ilikuwa na baridi ya kujifunika shuka. Nilipomuuliza alinijibu kuwa mdogo wake ana presha, hataki kumtia wasiwasi. Nikaandika huku nikila vitumbua vilivyoungua pembeni.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kijerumani. Mumewe alikuwa mhandisi wa barabara, na kabla ya kuja Oman walikaa Tanga miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili alikimudu vizuri. Alikuja na keki yake ngumu ya zabibu akaondoka na vitumbua, na nafikiri alijua nani kafaidi. Alkhamisi moja alinikuta naandika, akasikiliza, akacheka, akatuambia habari ya kijiji cha mababu zake.

Huko kwao, alisema, baba akifa shamba liligawiwa watoto wote, kisha likagawiwa wajukuu, mpaka ng'ombe akilala miguu iko kwa jirani. Ukaja mwaka viazi vikaoza ardhini, na vijana nao waliogopa kuchukuliwa jeshini. Hata hivyo watu walikaa, maana kuhama kunatisha. Kilichowang'oa ni barua. Kijana mmoja alitangulia Amerika, akaona haya kusema kuwa analala zizini, akaandika kuwa anakula nyama kila siku. Barua ikasomwa kijiji kizima, na nyumba saba zikauza ng'ombe zikamfuata.

Bibi aliacha kugeuza vitumbua. "Wakamfanyaje?"

"Hawakumfanya kitu, bibi. Yeye ndiye peke yake aliyejua pa kuteka maji."

Bibi hakucheka. Mdogo wake alikuwa na nyumba yake Unguja, na minazi yake, na wepesi wake wa kuamua mambo. Vitumbua vya siku ile viliungua vyote. Jirani alipoondoka, bibi akaichana ile barua, tukaanza nyingine ya kweli tupu: joto, lori la maji, feni. Mwisho akasema, "Andika, nnakulilia kila Ijumaa." Tukaituma, na bibi akatulia, akijua mdogo wake sasa hatouza kitu.

Miezi mitatu baadaye bibi mdogo alishuka uwanja wa ndege na kapu la matunda ya mabungo. Nyumba alikuwa keshaiuza. Bibi alimkumbatia huku akimgombeza. "Kwani barua yangu hukuipata?"

"Nimezipata zote, dada. Zile za mwanzo nikizisoma nikicheka, nikisema dada kastarehe, mimi wa nini huko? Hii ya mwisho umesema unalia. Ulitaka nikae?"

Waliishi pamoja Sib miaka kumi na saba, wakibishana kila siku juu ya chumvi. Sasa wote wawili wameshatangulia mbele ya haki, jirani alirudi kwao, na pale petu pana duka la simu. Siku hizi bibi angepiga simu ya picha, mdogo wake akamwona jasho linavyomtoka. Ni vizuri, sikatai. Lakini namkumbuka akilitamka lile neno la kulia polepole, akinisubiri nimalize kuandika, na mimi mpaka siku ile nilikuwa sijui kuwa bibi yangu hulia.