Jioni ya Samaki Kule Ruti

Mpaka anafika umri wa miaka hamsini na miwili, Eugénie hakuwahi kuketi mezani akaletewa chakula na mtu asiyemjua. Alikula alichopika mwenyewe, au kilichopikwa na dada zake, au cha msibani. Ule uji wa foleni waliopewa siku walipovuka mpaka kuingia Uganda yeye hauhesabu.

Alizaliwa Kazimia, kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Fizi, na huko ndiko alikoolewa na Gervais, fundi wa mitumbwi ya mbao. Wakati wa uchumba Gervais alimwahidi kwamba siku moja atampeleka Uvira, kwenye hoteli moja karibu na bandari, wakae kwenye viti vyenye mito na kuletewa samaki wa kukaanga. Kwanza ikaja mimba, kisha nyumba ya kujenga, kisha vita. Watoto wao wawili wa kwanza wamezikwa Fizi. Wa tatu, Doriane, alifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale mgongoni mwa mama yake.

Nakivale lipo ziwa, lakini wenye ruhusa ya kuvua ni wachache na mitumbwi yake si mingi. Gervais akageuka fundi wa milango, vitanda na, mara nyingi kuliko alivyopenda, majeneza. Eugénie akauza mukene, wale dagaa wadogo wakavu, katika soko la Kashojwa. Miaka ikaenda. Doriane akakua, akaolewa na kijana wa pale pale kambini aliyeitwa Bienvenu, na familia ya Bienvenu ilipopata nafasi ya kuhamia Amerika, naye akaondoka nao. Huko akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Gad. Babu na bibi walimjua kwa picha za simu tu, zile zinazokatika katika pale mtandao unapozidiwa.

Kisha zamu yao nayo ikafika. Wakaitwa kuhojiwa, wakaitwa tena. Wakapimwa kifua na damu. Mwishowe wakapewa tarehe: basi litawachukua Jumanne, liwapeleke Kampala, na kutoka hapo ndege.

Mtu akipewa tarehe Nakivale huanza kugawa vitu vyake. Eugénie aligawa sufuria, kuku, jembe, godoro. Meza yake ya sokoni akamwachia jirani. Gervais aligawa misumeno na randa, akabaki na nyundo moja aliyosema ataishika mkononi mpaka wamnyang'anye uwanja wa ndege. Nyumba na kipande chao cha shamba vilirudi mikononi mwa wasimamizi wa kambi, nao wakampa mjane Mrundi aitwaye Niyonshuti, aliyekuwa amefika na watoto wanne wakilala chini ya turubai. Eugénie mwenyewe alimwonyesha mahali bati linapovuja. Jumapili kanisa zima likawawekea mikono kichwani na kulia nao.

Hiyo ilikuwa Januari. Ijumaa kabla ya safari wakaenda Mbarara kununua viatu vya kufunika miguu na makoti mazito ya mitumba, maana Doriane alikuwa ameonya kwamba huko barafu inafika magotini. Usiku wangelala Ruti, pembeni mwa mji, kwa Pélagie, binamu yake Gervais aliyekuwa akisuka nywele mjini. Jua lilikuwa bado juu walipomaliza sokoni. Gervais akasimama njiani na mifuko yake mkononi.

"Mama Doriane, leo hatutakula kwa Pélagie."

"Tutakula fasi gani sasa?"

"Kuko baa moja hapa Ruti, pembeni ya barabara ya Kabale. Banakaanga samaki. Mutu anakaa ku meza, banamuletea. Nilikuahidi Uvira, Uvira haiko. Siwezi kupanda ndege nikiwa muongo."

Eugénie akacheka. Alitaka kusema kwamba Pélagie atakuwa ameshapika maharage, lakini alipoutazama uso wa mumewe akanyamaza, akamfuata.

Baa yenyewe ilikuwa wazi upande wa mbele, ina bati la buluu na viti vya plastiki. Mlangoni kulikuwa na karai kubwa la mafuta juu ya makaa. Moshi wake ulinuka pilipili na ndimu. Msichana wa kuhudumia akaja akipangusa mikono.

"Mzee, karibu. Nyabo, karibu. Iko ngege, iko mputa. Nyinyi nachagua, sisi napika."

Akaleta beseni. Gervais akamwachia mkewe kazi ya kuchagua. Eugénie akainua mashavu ya samaki mmoja mmoja kwa kidole, akachukua ngege mmoja mkubwa mwenye tumbo nene. Wakaagiza na ndizi za kupika, na soda ya Eugénie. Kisha Gervais, mzee wa kanisa ambaye hajawahi kuonekana na chupa, akaagiza bia moja.

"Baba Doriane!"

"Mungu ataangalia pembeni kidogo," akasema. "Leo tu."

Samaki alikuwa bado kwenye mafuta simu ya Eugénie ilipolia. Alikuwa Doriane. Muziki ndani ulikuwa mkubwa, kwa hiyo akatoka mpaka nyuma, penye pipa la maji ya kunawa.

"Mama, uko na Baba?"

"Yuko ndani. Tunangoja samaki. Baba yako anakunywa pombe, si unasikia maajabu?"

Doriane hakucheka. Eugénie akasikia mtoto akilia upande ule wa simu.

"Mama, serikali ya huku imefunga safari za wakimbizi. Zote. Hata benye balishapata tarehe. Bienvenu alienda kuuliza kwa batu banatusaidia huku, bakamwambia ni kweli."

"Mpaka lini?"

"Hakuna mwenye kujua, Mama."

Eugénie akashika ukingo wa pipa. Baadaye, nilipoketi naye kuandika haya, aliniambia kwamba kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa Amerika wala mjukuu. Aliwaza lile godoro. Usiku wa Jumanne wangelala juu ya nini?

"Usimpigie baba yako," akasema.

"Mama, lazima ajue."

"Atajua. Hapana leo."

Akanawa uso, akangoja macho yakauke, akarudi ndani. Samaki alikuwa ameshafika, amelala kwenye sinia ya bati, amepasuliwa ubavuni, na vitunguu na nyanya juu yake. Gervais hakuwa amemgusa.

"Nilikungoja. Nani alipiga?"

"Doriane. Anasema tusisahau kofia."

"Huyo mutoto atatufundisha hata kuvaa!"

Akamega upande wa tumbo, ile nyama laini yenye mafuta, akaiweka mbele ya mkewe. Tangu aolewe, nyama hiyo Eugénie alimwekea mumewe. Aliitia mdomoni akaitafuna. Alisema ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililomuumiza, kwamba ulimi wake haukujua habari za kichwani. Ngozi ilikuwa kavu, chumvi imeingia hadi kwenye mfupa. Akala, tena akala vizuri, akachovya kwenye pilipili, akanyonya mapezi. Kama angeacha kula, mumewe angeuliza.

Gervais akaongea jioni ile kuliko alivyoongea mwaka mzima. Alisema huko kuna mbao ambazo hazijui mchwa. Alisema atamtengenezea Gad mtumbwi mdogo wa kuchezea kwenye beseni, na kwamba Doriane akienda kazini, bibi na babu watabaki na mtoto na kumfundisha Kibembe, asije akakua kama mtu wa kuokotwa. Akauliza kama kanisa la huko lina ngoma. Kila swali Eugénie alilijibu. Alijishangaa jinsi uongo ulivyokuja kwa urahisi, mmoja unavuta mwingine.

"Unaniangalia sana," Gervais akasema.

"Si nimekuja kula na bwana yangu? Nitaangalia nani?"

Bia ilipofika nusu, mwenye baa akaweka rumba ya zamani, ya magitaa. Gervais akainuka. Alikuwa na vile viatu vipya, amevivaa ili vizoee mguu, navyo vilikuwa vikubwa kidogo. Akanyoosha mkono. Eugénie akasema hapana, watu wanatazama, lakini mkono ukabaki pale pale hewani, na ikambidi ainuke. Wakacheza kati ya meza, taratibu, viatu vikigonga sakafu. Wateja wakapiga makofi. Yule msichana akapiga vigelegele, akauliza, "Mzee, leo ni sikukuu gani?"

"Tunaenda!" Gervais akamjibu. "Jumanne tunaenda kuona mujukuu!"

Baa nzima ikashangilia. Dereva mmoja wa lori akawatumia soda. Eugénie akaweka paji la uso kwenye bega la mumewe ili watu wasione, na Gervais, akidhani ni furaha, akamkumbatia zaidi.

Alimwambia asubuhi. Gervais alikuwa uani kwa Pélagie, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anapangusa vumbi la barabara kwenye viatu. Eugénie akachuchumaa mbele yake, akasema yote kwa maneno machache, kama mtu anayetoa mwiba. Gervais akaendelea kupangusa. Kiatu kilikuwa kimeshang'aa na bado mkono ulikuwa unaenda.

"Alikuambia saa ngapi?"

"Jana. Kabla balete samaki."

"Kabla balete samaki," akarudia. Kisha akainua macho. "Kwa hiyo wakati nacheza ulijua."

"Nilijua."

"Nilisimama mbele ya batu nikasema tunaenda. Ukaniacha."

"Baba Doriane, nilitaka upate hata jioni moja…"

"Mimi ni mutoto? Mutoto ndiye banamudanganya ili ale."

Pélagie akatoka na chai, akawaona, akarudi nayo ndani.

Jumanne basi halikuja. Wengine waliokuwa na tarehe hiyo walikwenda na masanduku yao kwenye kituo wakakaa mpaka jioni, wakitumaini. Gervais hakwenda. Walikuwa wamelala kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, juu ya yale makoti waliyonunua. Niyonshuti akaja na mtoto mgongoni, akasimama mlangoni, akasema kwa taabu kwamba yeye yuko tayari kutoka, nyumba ni yao. Eugénie akamwambia asirudie tena kusema hivyo.

"Batoto banne utabalaza wapi?" akamuuliza. "Rudi nyumbani. Angalia tu lile bati."

Majirani wengine walirudisha vitu bila kuombwa. Sufuria ikaletwa, na msumeno mmoja. Wengine wakaanza kupita njia ya mbali. Eugénie hawalaumu, kuku akishaliwa amekwisha. Meza ya sokoni haikurudi. Akaanza tena kwa kutandika gunia chini, na vimafungu vya mukene juu yake, na wateja waliokwisha kumuaga kwa machozi wakaona aibu kununua kwake, kana kwamba yeye ndiye aliyewadanganya.

Lakini hayo yote, anasema, angeyabeba. Lililomshinda ni kimya cha Gervais. Hakumpiga wala hakumtukana. Alimjibu alichoulizwa, basi. Akiletewa dagaa alikula ugali mtupu kwa chumvi. Usiku aligeukia ukutani. Doriane alipopiga simu, aliongea naye kwa upole, kisha akamrudishia mkewe simu bila kumtazama. Mchungaji Nehemiya aliwaita wote wawili, akazungumza kuhusu msamaha kwa muda mrefu. Gervais akasikiliza, akashukuru, akaenda zake kupiga randa mbao za jeneza la mtu wa Juru, upande mwingine wa kambi.

Mwezi wa nne wakapewa kiwanja kingine, mbali na Kashojwa, kwenye kilima kikavu. Wakajenga kwa miti na udongo, kama walivyojenga mara ya kwanza walipokuwa vijana, tofauti ikiwa ni mgongo uliochoka. Siku moja walikuwa wakikandika ukuta, Eugénie upande wa nje, Gervais wa ndani, fito katikati yao. Alimsikia akipumua. Kisha Gervais akasema, akiwa hamwoni:

"Ungeniambia pale pale, tungelia babili."

Eugénie akabaki na tope mkononi.

"Wewe ulilia peke yako pale nyuma," akaendelea. "Mimi nililia peke yangu hapa. Miaka yote hatukuwahi kulia hivyo. Hata bale batoto ba kwanza, tulibalilia pamoja."

 Eugénie angeweza kuomba radhi, na alikwisha kuomba mara nyingi. Safari hii akasema kilichokuwa moyoni.

"Nilikuona ukicheka na viatu vile vikubwa," akasema. "Kama ingekuwa leo tena, sijui kama ningekuambia."

Nilimuuliza Gervais alijibu nini.  Akasema alisikia tu tope likipigwa ukutani upande wa pili, likijaza nafasi kati ya fito, na baada ya muda hakuweza tena kuuona hata mkono wa mkewe. Wakamaliza ukuta ule kabla ya mvua. Wanalala ndani ya nyumba hiyo sasa. Gervais humwita Mama Doriane kama zamani, na jioni nyingine humweleza habari za kazi. Samaki bado hali.

Eugénie hupika mboga.