Vidole Visivyogusa Vyeusi

"Hakuna ufunguo duniani ambao vidole hivi havijaufungua!"

Maneno hayo aliyasema Machibya mwenyewe, kwenye kipaza sauti cha usharika, Jumapili ya kwanza ya mwezi Machi, mwaka tisini na sita. Hakulazimishwa na mtu. Siku hiyo kinanda kipya cha umeme kilikuwa kinawekwa wakfu, yeye ndiye aliyeteuliwa kukipiga, na mchungaji alimwita mbele aseme neno moja tu la shukrani. Neno moja! Kumpa Machibya kipaza sauti umwombe neno moja ni sawa na kumwachia mbuzi bustani ya mchicha umwombe jani moja.

"Kina sauti mia moja," akaendelea, mkono mmoja juu ya kinanda kama anayebariki. "Mkitaka tarumbeta, imo. Filimbi, imo. Hata helikopta imo, ingawa sijajua tutaitumia kwenye wimbo gani."

Watu wakacheka, na kicheko kikampanda kichwani. Akageukia kona ya kushoto, alikokaa Mwalimu Lwakatare pembeni ya kinanda cha zamani, kile cha kukanyaga kwa miguu, kilichovushwa kwa meli kutoka Bukoba kabla Machibya hajazaliwa.

"Na wewe Mwalimu wetu, hicho sasa kipumzishe. Kinahema kama mgonjwa anayepanda kilima cha hospitali ya Bugando kwa miguu!"

Usharika mzima uliangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, taratibu, akafunga kifuniko cha kinanda chake na kuweka kitabu cha nyimbo juu yake.

Sasa, ukweli ni kwamba vidole vile vilikuwa vimefungua ufunguo mmoja tu.

Kwaya ile iliimba kwa doh, re, mi. Juu ya kila wimbo, kwenye karatasi, Mwalimu aliandika mahali pa kuanzia: Doh ni G, au Doh ni F, au Doh ni A. Kwa mpiga kinanda kila moja ni njia yake, na karibu zote zinapita kwenye vibao vyeusi. Njia moja tu, Doh ni C, ndiyo inayokwenda kwa vibao vyeupe mwanzo mpaka mwisho, barabara ya lami isiyo na kona. Hiyo ndiyo aliyoijua Machibya. Kwa zilizobaki alikuwa na kitufe.

Wapigaji wa mjini walikiita transpozi. Unakibonyeza mara kadhaa, kinanda chenyewe kinapandisha au kinashusha sauti zake zote. Wewe unapiga C yako kwa raha zako, watu wanasikia A. Wimbo wa Doh ni A ulimgharimu Machibya mibonyezo mitatu ya kushusha, basi, kazi imekwisha. Kwenye kidirisha kidogo cha tarakimu ilitokea alama ya kutoa na tatu nyekundu, mbele ya macho ya kila mtu. Kwa hiyo alibandika plasta ya kidonda juu ya kidirisha.

"Mwanga wake unaniumiza macho," alisema alipoulizwa.

Lakini tusimwonee. Hakuwa tapeli wa kila kitu. Alikuwa fundi redio, kibanda chake kipo Mirongo, na tangu milango ya biashara ilipofunguliwa na makontena kuanza kumwaga vyombo vya Kijapani madukani, alikuwa akisimama mbele ya vioo akiangalia vinanda kama wenzake walivyoangalia wasichana. Cha kwaya kilipofika, siku ya pili tu alikifungua kwa bisibisi. Mwenyekiti wa kwaya, mzee Malimi, nusura azimie.

"Machibya! Michango ya miaka miwili hiyo!"

"Tulia, mzee. Njoo uone. Humu hakuna upepo, hakuna ulimi wa shaba kama kwenye kile cha Mwalimu. Kuna hiki kidude cheusi, hiki kama mende mwenye miguu mingi. Hiki ndicho kinachochonga mawimbi. Wimbi likiwa na meno, unasikia tarumbeta. Lisugue meno yake, unasikia filimbi. Wimbi ni lilelile!"

Malimi alisema ameona, ila mende arudishwe ndani na afunikwe.

Machibya aliijua kila sauti kwa namba yake. Alijua kuwa namba kumi na mbili ni sauti mbili zilizolazwa moja juu ya nyingine, moja imekosewa kidogo kwa makusudi, ndiyo maana zinatetemeka pamoja kama dada wawili msibani. Alijua kuzungusha kigurudumu cha pembeni mpaka noti ikapinda kama mti penye upepo. Mtu anayependa chombo namna hiyo angeweza kujifunza vibao vyeusi kwa miezi sita. Lakini alishasema anavijua. Ukishasema umefika, utaulizaje njia?

Mwezi Julai betri za ndani zikaisha. Zilikuwa sita, zile kubwa za redio. Malimi akauliza kama ziongezwe.

"Betri za nini? Betri ni za redio za kusikilizia bei ya pamba kule Magu. Hiki ni chombo cha umeme."

Akashangiliwa, na betri hazikununuliwa.

Tamasha la kwaya lilikuwa Jumapili ya mwisho ya Agosti, saa tisa alasiri, ukumbini. Kwaya tisa, waamuzi watatu, watu mpaka madirishani. Wimbo wao ulikuwa Doh ni A, na solo ilikuwa ya Odeta.

Odeta alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha samaki, upande wa kukata minofu ya sangara, humo ndani kwenye baridi, buti miguuni na glavu mikononi. Kwa nje ungemwona msichana mkimya tu. Akifungua mdomo, hata wauza karanga walisimama. Mwalimu Lwakatare aliuandika wimbo ule kwa ajili ya sauti yake, akaupima kama fundi cherehani anavyopima kiuno: noti ya juu kabisa aifikie kwa raha, isibaki nafasi wala isibane.

Ubeti wa kwanza kwaya ilitiririka. Wakati Odeta anasogea mbele kwa solo, umeme ukakatika.

Walisubiri dakika kumi, watu wakijipepea kwa ratiba. Taa zikarudi, ukumbi ukapiga makofi, mwamuzi akapunga mkono: endeleeni palepale. Machibya akawasha kinanda, akachagua namba kumi na mbili, akapiga utangulizi.

Kinanda kilikuwa kimesahau. Kikizimika kabisa, kilirudi kama kilivyotoka kiwandani, na zile tatu za kushusha hazikuwapo tena. Kidirisha kilimwambia hivyo kwa sifuri nyekundu, chini ya plasta.

Odeta alichukua sauti pale alipopewa, na alipewa juu. Machibya alikuwa na sikio, hilo hakuna wa kumnyima. Alijua kabla utangulizi haujaisha. Angeweza kuacha, akasema samahani, akabonyeza mara tatu, akaanza upya. Lakini waamuzi walikaa hatua nne kutoka kwake, na Mwalimu Lwakatare alikuwa safu ya mbele. Angebonyeza nini, mbele ya watu aliowaambia hakuna ufunguo asioujua? Akaendelea. Odeta alipanda, akapanda, shingo ikamtoka mishipa, na kwenye noti ya juu sauti ikapasuka kama kuku aliyekanyagwa. Kuna mtu kule nyuma alicheka. Kisha wakacheka wengi.

Walishika nafasi ya nane.

Nje, Malimi aliwakusanya chini ya ukuta. "Jamani, kumetokea nini?"

Kila mtu alimwangalia mpiga kinanda, kwa kuwa ndiye mtaalamu. Na Machibya, Mungu amsamehe, akafungua mdomo.

"Kinanda ni mashine, mzee. Mashine haina woga. Sauti ya mtu ndiyo inayoingiwa na woga."

Hakutaja jina. Alimwangalia tu, nukta moja, na hilo lilitosha. Odeta alivua joho, akalikunja vizuri, akampa Malimi, akaondoka akielekea njia ya Kiseke bila kuaga.

Usidhani Machibya alifurahia. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake urefu wake ulikuwa waya mmoja wa umeme. Wiki zile mbili chakula kilimkaa mdomoni kama pamba. Mteja akileta redio inayokwaruza, alisikia ile noti. Kwenye mazoezi alipiga akiwa ameinamisha uso, na pale mbele, aliposimama Odeta siku zote, waimbaji walikuwa wameacha nafasi bila kuambiana.

Jumatano moja mchana Odeta akaja kibandani. Amevaa kitenge, buti za kiwandani zimo kwenye mfuko wa rambo.

"Kaka Machibya, sikuja kwa ugomvi. Wewe una sikio. Niambie kweli: sauti yangu imeharibika?"

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Noti ile nimeiimba mara mia. Siku ile nikaifuata, ikanikimbia. Mama anasema ni barafu ya kiwandani, inaingia kifuani. Nimekunywa tangawizi mpaka tumbo linawaka. Nafikiria niache kazi. Afadhali nikose mshahara kuliko nikose sauti." Akasogea. "Wewe ulinisikia kwa karibu. Ni baridi?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Hakukuwa na waamuzi pale, hakukuwa na Mwalimu. Kulikuwa na yeye, Odeta, na redio sita zilizofunguliwa matumbo. Machibya aliokota bisibisi, akaiweka chini, akaiokota tena.

"Pengine," akasema. "Baridi nayo ina mambo yake."

"Asante, kaka. Angalau wewe umekuwa mkweli."

Neno hilo lilimpiga kuliko kofi. Alifunga kibanda saa nane mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku aliyoumwa malaria, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwalimu Lwakatare. Alimkuta barazani anamenya ndizi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Kinanda kimepona?"

"Mwalimu, nina jambo."

"Najua una jambo. Tangu Machi una jambo."

Mwalimu akaendelea kumenya, bila haraka.

"Kijana wangu, mimi nimekaa na vibao miaka arobaini. Hata mtu asiyejua kupiga, kidole chake kitateleza siku moja kiguse cheusi kwa bahati mbaya. Chako hakijawahi. Nikasema, huyu ama ni malaika, ama kuna kitu chini ya plasta."

"Ulijua! Na siku ya tamasha ulijua?"

"Vibao vitatu juu. Nilijua."

"Mbona hukusema, Mwalimu? Ungesema wewe, yangekwisha."

"Yangekwisha kwako. Wangesema mzee ana wivu na kinanda kipya; si ulishawaambia changu kinahema?" Akadondosha ndizi kwenye sufuria. "Ulisema mbele za watu. Nilikuwa nakusubiri uliseme na hili mbele za watu. Ila sikujua kama utamtwisha yule binti kosa lako. Hapo na mimi nimekosea kusubiri."

Jumamosi alasiri kwaya ilikutana. Mwalimu alikuwa amemfuata Odeta mwenyewe hadi kwao. Odeta alikaa benchi la nyuma, kama mgeni. Machibya alisimama penye kinanda, safari hii bila kipaza sauti, na sauti yake mwenyewe ilimtoka nyembamba kuliko namba yoyote katika zile mia moja.

Alibandua plasta. Ilikuwa imegandamana, ikabanduka vipande vipande, na watu wakasubiri mpaka kipande cha mwisho. Akabonyeza mara tatu, akawaonyesha namba. Akazima swichi ya ukutani, akawasha tena, akawaonyesha sifuri.

"Mimi naijua C tu," akasema. "Nyingine zote ni kitufe. Siku ile kilisahau, nikasikia, nikanyamaza. Odeta aliimba sawasawa, mahali nilipompeleka. Sauti yake haina kasoro. Na Jumatano aliniuliza, nikamdanganya tena."

Hakuna aliyecheka. Angetoa chochote wacheke.

Kule nyuma Odeta alisimama. "Uliniambia Jumatano," akasema. "Alhamisi asubuhi nimepeleka barua ya kuacha kazi. Jana nimerudi kuuliza mshahara wangu, nikakuta binti mwingine amesimama mahali pangu, amevaa glavu zangu."

"Odeta, nisamehe."

"Nitakusamehe, kaka. Leo sijaweza."

Mwalimu Lwakatare akaenda kwenye kona yake, akaondoa kitabu, akafungua kifuniko, akaanza kukanyaga. Kinanda kikahema, kweli kilihema, kisha kikatoa Doh ni A. Odeta alibaki amesimama palepale nyuma, mkono kwenye benchi. Halafu akaimba. Noti ya juu aliifikia kwa raha, haikubaki nafasi wala haikubana. Machibya alisimama na plasta viganjani, hajui akae au atoke.

Wimbo ulipokwisha, mzee Malimi, ambaye kichwa chake kilikuwa bado kwenye mashine, akauliza kwa upole, "Sasa fundi, ili kisisahau umeme ukikatika, kilikuwa kinahitaji nini?"

"Betri, mzee. Zile kubwa. Zikiwemo ndani, hakizimiki."

"Zile nilizokuuliza?"

"Hizo hizo."

Betri kubwa moja, duka la jirani na kibanda chake pale Mirongo, ilikuwa shilingi mia mbili.