Simiti Iliyoziba Mfereji wa Baba Yao

Leo nimemkatiza mchungaji katikati ya maombi, na sijutii.

Wanangu watatu wamekuja kutoka Voi na suti zao, kumkumbuka marehemu baba yao. Kaburi wamelijengea marumaru, linang'aa. Nikafurahi.

Halafu nikaangalia chini. Lo!

Simiti imeziba mfereji! Ule aliouchimba mzee wangu mwenyewe, ndio unateremsha maji mpaka shamba la jirani yetu, Mama Mghoi.

Nikasema, "Mchungaji, ngoja kidogo. Nyinyi watatu! Mnamheshimu baba yenu kwa kumnyima jirani maji?"

Mkubwa, mtu mzima na kitambi, ati, "Mama, kesho tutaita fundi."

"Fundi ni wewe! Baba yako alikuzaa na mikono."



Basi akavua koti, akashika sururu. Wadogo zake wakafuata. Wakavunja huku wakicheka, wakikumbushana vile baba alivyowagombeza wakiegemea jembe.

Maji yakapita. Mama Mghoi akapiga kelele kule chini, "Yamefika!"

Suti zimejaa matope, zitafuliwa. Lakini leo mzee wangu amekumbukwa.

Wewe baba yako ulimfanyia nini? Andika hapa, nasoma zote.