Mama Pindo na Swali Ambalo Hakuuliza

Saa mbili asubuhi. Mama Pindo amepiga magoti sakafuni, pini tatu mdomoni, anarekebisha gauni la harusi la binti yake wa pekee. Jumamosi binti anaolewa.

"Simama wima! Mbona unayumba kama meza mbovu?"

Jina la Mama Pindo amepewa na wateja. Kwa miaka ishirini ameshona sare za shule, saba kwa siku, na kila sare huiachia pindo pana ili ishushwe mtoto akirefuka. "Mtoto hakusubiri upate hela ndipo akue," anasema.

Baba wa binti aliondoka mtoto hajaota meno. Mama Pindo anasema miaka ile ya mwanzo, pamoja na dhiki zake, alikuwa na furaha. Kisha akatokea fundi wa kutengeneza cherehani, mpole, aliyekuja kila wiki kukaza mkanda usiolegea. Mtaa mzima ulijua anachokaza.

Fundi alileta posa. Mama Pindo akamweleza mtoto, wakati huo ana miaka minane, naye akalia mpaka kwikwi.

"Nikaona hilo ndilo jibu. Nikamkatalia mwenzangu. Nilijiona mama shujaa," anasema. Baadaye furaha ilipungua kidogo kidogo, na wa kumwambia hakuwepo.

Mwezi uliopita binti alimuuliza, "Mama, yule mjomba wa cherehani aliacha kuja kwa nini?"

"Si wewe ulilia?"

"Nililia nikidhani utahamia kwake uniache. Yeye nilimpenda. Hukuniuliza, mama."

Siku hiyo Mama Pindo hakushona kitu. Fundi sasa ana mke na watoto, na maji yakimwagika hayazoleki. Mama Pindo hamlaumu mtoto. Anajilaumu mwenyewe, na inamuuma.

Kinachomtisha sasa ni Jumapili, chumba hiki na yeye peke yake. Ana mpango, lakini amekuwa akiuogopa. Leo anautoa, macho kwenye pindo.

"Nikija kwenu kila Jumapili, nitawachosha?"

Machozi yanamdondoka binti juu ya gauni.

Mama Pindo anashika sindano, kama anayetaka kuendelea na kazi. Kisha anaiweka chini, anatoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, na kusimama.

"Mwanangu," anasema, "unalia nini?"