Sinki la Beseni Moja

Katika nyumba mpya, mume alichagua vigae, mama mkwe akachagua rangi, na mke, fundi cherehani anayesifiwa mtaa mzima, akaachiwa sinki la jikoni. Basi alilichagua kwa hila. Miaka tisa alikuwa ameosha vyombo bega kwa bega na mama mkwe, na kila sahani aliyosuza ilikaguliwa ikarudishwa majini. Dukani akayapita masinki ya mabeseni mawili kama hayaoni, akalinyooshea kidole sinki dogo la beseni moja. Hapo hawasimami watu wawili hata wakibanana.

Mume akakuna kichwa, akamgeukia mama yake waliyekuja naye. "Mama, mwenzangu kataka hili."

Mama mkwe akalipapasa ukingo, akaupima upana kwa shubiri.

"Hapo kafanya la maana," mama mkwe akasema. "Mgongo wangu umechoka kuinama. Ataosha peke yake, nami nitaweka kiti changu papo hapo nyuma yake, niwe namwelekeza."

Fundi cherehani, aliyezoea kupima watu kwa jicho, akalipima jiko jipya kichwani, toka sinki hadi ukuta. Kiti kilienea, na mkono wa kuelekezea ukabakiwa na nafasi.