Mlima Usijue Mko Wangapi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, chini ya milima ya Ruwenzori upande wa Kongo, nilikuwa mjuaji kupita kiasi, na ujuaji ule unanikera mpaka leo. Mjomba Kambale alikuwa mpagazi, akiwabebea wageni mizigo hadi kwenye theluji. Kila alipoondoka, bibi yetu, Koko, alimshika mkono mlangoni.

"Kule kwenye weupe mupite moja moja. Mulima isijue muko wangapi. Ikihesabu wengi, inawashukia."

Mwaka ule nilikuwa katika katekisimu. Nikasema mbele ya wapagazi wote kwamba anayeogopa mlima si Mkristo. Walicheka sana. Mjomba aliona haya.

Siku ya nne walimrudisha kwa machela. Safari hiyo walivuka mteremko pamoja, wakipiga soga, na theluji ikakatika chini ya miguu yao. Wenzake walipona. Goti lake la kulia halikukunjika tena, na upagazi ukaishia hapo. Koko hakunigombeza. Afadhali angenichapa.

Julai hii, ambayo huku ugenini kusini mwa dunia ni majira ya baridi, nilitoka zamu ya ghala Wetherill Park, nikafika nyumbani Auburn na kumkuta binti yangu Neema akifunga begi. Anakwenda na wenzake wa chuo kwenye milima ya theluji, mbali na njia za watalii. Nikamwambia maneno ya Koko. Akacheka.

"Papa, please. Mlima haihesabu watu."

Kisha akanisomea tahadhari kwenye simu yake: upepo umelundika theluji mpya juu ya tabaka dhaifu, uzito ukizidi yote inaporomoka. "So tutavuka one by one," akasema.

Nilikasirika hadi nikashindwa kula. Simu anaiamini, bibi hamwamini! Nikamkasirikia na Koko: kwa nini asiseme uzito tu, akaniletea mlima unaohesabu? Lakini najidanganya. Hata angesema uzito nisingesikia, maana nilitaka watu wacheke.

Jumapili Neema alipiga simu kwamba wamevuka salama. Ndipo nikampigia mjomba kule mjini Beni, nikamweleza habari za tabaka na uzito, nikizunguka neno ambalo sijawahi kumwambia kwa miaka yote hii.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mutoto amevuka?"

"Amevuka, mjomba."

"Basi," akasema, "imetosha."

Sikuwa nimeomba msamaha bado.